DKMS baada ya miaka sita: kazi safi, sauti ndogo

Nianze na alama, ili mwenye haraka aende zake: nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia nitaieleza kwa urefu, maana ndiyo iliyonikesha hadi saa nane usiku mbele ya kioo cheusi, huku mteja akiisubiri video yake asubuhi.

Mimi huhariri video. Kadi ya grafiki ya mashine yangu inatumia draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, isiyomo ndani ya kerneli ya Linux, kile kiini cha mfumo wenyewe. Kampuni iliyoitengeneza huitoa pembeni. Wenye kadi za Intel na AMD zinazoendeshwa na i915 au amdgpu hawana haja ya makala haya, kwa kuwa draiva zao zinaishi ndani ya kerneli yenyewe na kupanda matoleo pamoja nayo. Sisi wengine ndio tunaoishi kwa DKMS, programu inayozijenga upya draiva za nje kila kerneli inapobadilika.

Kazi yake ni moja. Watunzaji wa Linux wameandika waziwazi katika nyaraka za kerneli kwamba hawatoi ahadi ya kuyaacha mambo ya ndani yabaki vilevile toleo hadi toleo. Wakiona njia bora ya kupanga kitu, wanakipanga upya, na moduli ya nje (kipande cha programu kinachopachikwa kwenye kerneli, kama draiva yangu) inapaswa kufuata. Kwa hiyo moduli iliyojengwa kwa kerneli ya 6.2 haiingii kwenye 6.5. Mwaka 2003 wahandisi wa Linux wa Dell waliandika DKMS ili kutuondolea adha hiyo: msimbo chanzo wa draiva unakaa ndani ya /usr/src pamoja na faili dogo liitwalo dkms.conf, na kila kerneli mpya inapoingia, moduli inajengwa upya bila wewe kuguswa. Ni fundi cherehani anayekutunzia kitambaa. Mwili ukibadilika, anapima na kukata tena.

Na fundi huyu ni hodari. Katika miaka sita nimepokea kerneli nyingi mno, na karibu zote zimepita bila mimi kujua kwamba kuna kitu kilijengwa nyuma ya pazia. Hiyo ndiyo sababu ya zile alama nne, na nazitoa kwa moyo mweupe.

Sasa ule usiku. Jioni nilisasisha mfumo, kerneli ikatoka 6.2 kwenda 6.5. Maandishi yakapita mengi kwenye teminali, mimi nikiwa jikoni. Niliporudi nikawasha upya. Nembo ikaonekana, kisha kioo kikawa cheusi na kile kimstari kinachopepesa pembeni juu, basi.

Jambo la kwanza nililofanya sawasawa ni kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kikatokea kidirisha cha maandishi kikiniomba jina na nywila. Hapo nilipumua, kwa sababu mashine ilikuwa hai, diski nzima, mtandao wa waya unafanya kazi. Kilichokufa ni picha peke yake. Ukikwama kama mimi, anzia hapo kabla hujafikiria kusakinisha mfumo upya. Watu wamefuta mashine zao nzima kwa kosa la moduli moja, na hilo linaniuma kila ninapolisikia.

Nikaandika `uname -r`, ikajibu 6.5. Nikaandika `dkms status`. Jibu lilikuwa mstari mmoja: draiva yangu, kerneli ya 6.2, installed. Kuhusu 6.5, kimya. Maana yake ni kwamba kitambaa kipo, ila nguo ya mwili mpya haijashonwa. Mara nyingi hali hii hutokana na heda za kerneli, yaani mafaili ya vipimo vyake yanayohitajika kujengea moduli, kutokuwepo. DKMS haiwezi kujenga chochote bila heda za toleo lilelile unalotumia. Kwenye mifumo ya jamii ya Debian unazipata kwa `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`, na mara tisa kati ya kumi nilizowasaidia wenzangu, ugonjwa uliishia hapo.

Mimi nilikuwa ile mara ya kumi. Heda zilikuwepo. Nikaiamuru ijenge, `sudo dkms autoinstall`, ikajaribu, ikashindwa, ikaniambia nikasome make.log ndani ya /var/lib/dkms. Hili faili ndilo zawadi kubwa ya DKMS kwa mtu mvumilivu. Limeandikwa kila kitu. Kosa letu ni kulisoma kutoka chini, kwenye mistari ya mwisho inayosema tu kwamba ujenzi umeshindwa. Tafuta neno error la kwanza kabisa kutoka juu. Yanayofuata kwa kawaida ni watoto wake. La kwanza kwangu lilisema kompaila, programu inayogeuza msimbo chanzo kuwa moduli, haiitambui amri `-ftrivial-auto-var-init=zero`.

Nilikaa na mstari ule kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Jawabu lilikuwa ndani ya /proc/version, ambapo kerneli hutaja kompaila iliyoijenga: GCC 12. Mashine yangu ilikuwa ikiita GCC 11, na amri ile ilianza kueleweka na GCC kuanzia toleo la 12. Kerneli ilikuwa imeshonwa kwa mashine mpya, fundi wangu anaendelea na ya zamani. Nikasakinisha gcc-12, nikaifanya ndiyo inayoitwa kwa jina la gcc, nikarudia autoinstall. Dakika chache feni zikivuma, kisha `dkms status` ikaonyesha mistari miwili, 6.2 na 6.5, yote installed. Nikawasha upya na kioo kikarudi na rangi zake zote.

Nimalizie habari ya usiku ule kwa jambo ambalo lingeniokolea saa nne. Kerneli ya zamani haikuwa imefutwa, na moduli yake ilikuwa tayari. Ningesimama kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapowaka kabla ya mfumo, nikaingia kwenye chaguo za ziada, nikachagua 6.2, ningemaliza video ya watu na kulala. Matengenezo yangesubiri kesho. Kama hata kerneli ya zamani imeondoka, kuongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia hukupa picha ya kawaida, nzito na yenye upana mdogo, lakini inatosha kufanyia kazi ya ukarabati.

Kisa cha pili ni cha kompyuta ya mdogo wangu, nacho kilinizidishia sababu ya kutotoa alama ya tano. Kwake picha ilikuwepo, ila kila dirisha lilijivuta na feni hazikutulia. `glxinfo -B` ikataja llvmpipe, yaani kichakataji chenyewe ndicho kilichokuwa kikichora kila kitu huku kadi imekaa bure. Nikaangalia `dkms status`: kerneli mpya, installed. Kwa mujibu wa DKMS hakuna tatizo lolote! Nilipoipakia moduli kwa mkono kwa modprobe ndipo ukweli ukatoka: Key was rejected by service. Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaodai saini inayotambulika, ilikuwa imewashwa, na kerneli ilikataa moduli yenye saini isiyoifahamu.

Hapa nina lalamiko la dhati. Neno installed linamaanisha moduli imejengwa na kuwekwa mahali pake. Halisemi kwamba kerneli imeikubali, na mtu wa kawaida hawezi kulijua hilo. Dawa yenyewe si ngumu: unasajili cheti cha saini hiyo kwa `mokutil --import`, unabuni nywila ya muda, unawasha upya, na kwenye skrini ya bluu inayotokea kabla ya mfumo unathibitisha usajili kwa nywila ileile. Skrini hiyo haisubiri milele. Mdogo wangu aliiacha ikapita, tukarudia tangu mwanzo. Lakini baada ya hapo, cheti hichohicho kinatumika kwa kila kerneli ijayo.

Lalamiko la pili ni lile la sauti. Ujenzi ukishindwa, habari hiyo inatolewa mara moja tu, katikati ya mamia ya mistari ya usasishaji. Ukiwa umeruhusu mfumo ujisasishe wenyewe usiku, huioni kabisa. Unakutana nayo siku ya kuwasha, wakati umechelewa. Chombo kinachobeba picha ya mashine nzima kilistahili kupiga kelele zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Kila kerneli mpya ikiingia, kabla sijawasha upya, naandika `dkms status` na kutazama kama toleo jipya limo. Likikosekana siwashi, nafungua make.log nikiwa bado na kioo kinachofanya kazi na kivinjari cha kutafutia msaada. Kerneli moja ya nyuma siifuti kamwe, hata diski ya /boot ikibana kiasi gani. Nafuta zile za zamani zaidi. Nimemwandikia mdogo wangu maelekezo haya kwenye karatasi na kuibandika chini ya kompyuta yake. Wiki iliyopita alinipigia akiwa hajawasha upya, mstari wa kerneli mpya haupo. Heda zilikuwa hazijaingia. Alizisakinisha tukiwa bado kwenye simu.