Adui mwenye jina na mwandiko: Makumbusho ya Msalaba Mwekundu, Geneva, kwa wageni vijana

Ni vigumu kumweleza kijana wa miaka 13 kwamba adui naye ni mtoto wa mtu bila kuonekana unamhubiria. Makumbusho ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, yaliyofunguliwa mwaka 1988 mjini Geneva, huikwepa hotuba hiyo kwa njia niliyoipenda: humwekea mgeni karatasi, picha na sauti za watu, kisha humwachia aulize mwenyewe.

Maonyesho ya kudumu, yaliyofanywa upya na kufunguliwa tena mwaka 2013, yana sehemu tatu, na kila moja ina msanifu wake. Ile ya Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, inayohusu kuwakutanisha watu na jamaa waliopotezana nao vitani, ndiyo iliyonigusa zaidi, na mwenye saa moja tu ningemshauri aimalizie humo. Baada ya kupenya pazia la minyororo, mgeni hukutana na kadi za Wakala wa Kimataifa wa Mateka wa Vita, ulioanzishwa mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza: ni takribani milioni sita, na zinafuatilia yaliyowapata watu wapatao milioni mbili. Jina, kikosi, mahali alipokamatwa, pengine tarehe ya kufa, vyote vimeandikwa na watu wa kujitolea, wengi wao wanawake, ambao mateka mwenyewe hawakupata kumwona. Mjerumani na Mfaransa waliokuwa wakirushiana risasi wamesajiliwa kwa uangalifu uleule, kwa sababu nyumbani kwa kila mmoja alikuwapo mtu aliyetaka kujua kama yu hai. Mwache kijana asimame hapo, asome majina mawili matatu kwa sauti ya chini, usimharakishe.

Unyayo mkubwa ulio katika sehemu ya utu wa binadamu hustaajabisha, lakini kwangu maana yake iliisha kwa mtazamo mmoja. Afadhali mashahidi, watu waliorekodiwa kwa kimo chao halisi, ambao huanza kusimulia mgeni anapoweka kiganja chake juu ya chao. (Watu wazima huona haya kidogo kufanya hivyo; vijana hawaoni.)

Kwa kuwa maonyesho yamepangwa kwa mada, si kwa mfuatano wa miaka, ni vyema kijana aende akiwa amekwisha kusimuliwa habari za Solferino, kaskazini mwa Italia, walikopigana Wafaransa na Waaustria. Baada ya vita vya tarehe 24 Juni 1859, Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Msalaba Mwekundu, aliwakuta majeruhi wamejazana katika mji jirani wa Castiglione, ambako wanawake waliwauguza Wafaransa na Waaustria bila kubagua, wakisema kwa Kiitaliano, "Tutti fratelli", yaani wote ni ndugu. Miaka mitano baadaye ulitiwa saini Mkataba wa kwanza wa Geneva, wa kuwalinda askari majeruhi. Asiyeijua habari hiyo ataziona zile kadi kama kazi ya ofisi tu.

Walio chini ya miaka 10 ningewasubirisha, hasa kwa ajili ya picha za watoto wa Rwanda waliopotezana na familia zao mwaka 1994, zilizopigwa ili ndugu wapate kuwatambua. Hazina hata tone la damu, nazo ndizo zinazozua maswali mengi zaidi wakati wa kurudi.