Mguu wa kutembea niliouziwa Biashara Street, na mfarishi wa mamangu

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Mume wangu alinambia, "Yaache hayo, mguu wa cherehani haufai kukukosesha usingizi," na mie nikamsikiza kwa muda. Lakini jana nimeshuka mjini kutafuta uzi, nikapita mbele ya lile duka la Biashara Street, nikamuona mwenye duka amesimama mlangoni, mikono mifukoni. Mbele yake mama mmoja wa makamo ameshika mfuko anamwelezea jambo, na yeye anatazama barabarani kama kwamba hapana mtu. Hasira zote zikanipanda upya. Kwa hivyo naandika, na atakayekereka na akereke.

Mie nashona mifarishi ya viraka. Juu naunga vipande vya leso, yaani kanga, katikati naweka blanketi jembamba la pamba, maana joto letu la Mombasa halitaki kitu kinene, na chini naweka kaliko. Kisha tabaka zote tatu zinapigwa mistari kwa cherehani zishikane. Kuunga viraka si tabu. Nina kile kisu cha gurudumu, kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979, na kakangu aliniletea changu kutoka Dubai. Kinakata tabaka nne za leso kwa mpito mmoja na ukingo unabaki umenyooka kama rula. Hicho sina neno nacho, nakisifu usiku na mchana. Kazi yenyewe iko kwenye ile mistari.

Aliyewahi kujaribu anajua. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini peke yake. Cha juu kinakandamizwa na mguu, kinasuasua, kinabaki nyuma. Ukifika mwisho wa mstari chini kumekwisha, na juu umebakiwa na kitambaa cha upana wa vidole viwili kimejikunja kama uso wa mzee. Unafumua. Unaanza tena. Ndiyo maana ukatengenezwa mguu wa kutembea. Huu una meno yake wenyewe upande wa chini, unainuka na kukanyaga kwa kufuata sindano, basi juu na chini vinakwenda pamoja. Ubavuni mwake una mkono mdogo, na ule mkono sharti ukae kwenye ile skrubu inayobana sindano. Sindano ikipanda, skrubu inaunyanyua mkono, mkono unaunyanyua mguu. Ukikosa kukaa pale, mguu hautembei, na hatari yake mtaiona sasa hivi.

Mfarishi niliokuwa nao safari hii si wa kuuza. Mamangu alipofariki tuligawana leso zake, mie nikapata kumi na moja. Nyingine zimefuliwa mpaka rangi imekuwa ya maji, lakini pamba yake ni laini hata huwezi kuipata dukani leo. Nilizikata zote viraka isipokuwa moja, ile yenye jina WEMA HAUOZI. Hiyo nilichukua kipande chake cha jina kizima kizima, nikakiweka katikati kabisa ya mfarishi, na leso nyingine zikazunguka. Kwa cherehani unaanza kupiga mistari katikati ukienda nje, ili mikunjo ikimbilie pembeni. (Niliwahi kusoma kuhusu Wasidi wa Karnataka kule India, watu wenye asili ya Afrika, kwamba mifarishi yao ya viraka iitwayo kawandi hushonwa kwa mkono kuanzia pembeni kuingia katikati. Natamani siku moja nimuone mmoja wao akishona.) Basi mstari wangu wa kwanza ulikuwa upite juu ya jina la leso ya mamangu. Nilitaka usikosee.

Ndipo nikaenda kununua mguu. Kama wiki mbili tatu kabla ya Ramadhani. Niliibeba cherehani yangu kwa tuktuk mpaka dukani, kwa kuwa nilitaka mguu ufungwe na fundi wao mbele ya macho yangu, nisije nikaambiwa baadaye nimeharibu mwenyewe. Mfukoni nilikuwa na kitambaa cha kujaribia, tabaka tatu nilizozishikiza kwa pini, na mfarishi wenyewe niliubeba nione kama unapita vizuri chini ya mkono wa cherehani. Nililipa shilingi 3,800 taslimu. Risiti ninayo.

Mwenye duka akasema hapana haja ya fundi, atafunga yeye. Hakuniuliza hata sindano niliyoweka ni namba ngapi. Akatoa mguu wa zamani, akausukuma huu mpya, akakaza kwa koleo. Kwa koleo, ndugu zangu, skrubu ndogo kama ile! Mie nimesimama upande wake na nauona ule mkono umening'inia chini ya skrubu ya sindano, haukukaa juu yake. Nikasema, "Samahani bwana, nadhani huo mkono unafaa ukae hapo juu." Hakunijibu. Nikamnyooshea kile kitambaa cha kujaribia. Akakisukuma kando, akaingiza mkono kwenye mfuko wangu, akautoa mfarishi wa mamangu, akauweka chini ya mguu, akakanyaga pedeli mpaka mwisho.

Sauti ile bado naisikia. Tak, tak, kisha mlio mmoja mkali wa chuma kwa chuma. Sindano iligonga mguu, ikavunjika, nusu yake ikabaki ndani ya kitambaa, na yeye badala ya kusimama na kulizungusha gurudumu taratibu akauvuta mfarishi kwa nguvu. Kitambaa kikachanika. Nilipouchukua mikononi nikaona tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, kingo zake zimetoka nyuzi, na pembeni mwake alama ya dole gumba lenye mafuta meusi. Tundu liko kwenye herufi Z. Katika herufi zote zile, hapo.

Nilishindwa kusema. Machozi yalikuwa yananilenga na duka limejaa watu. Nikangoja aseme pole, neno moja tu. Alichosema, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, ni hiki: "Mama, hii cherehani ni ya kushona nguo, si magodoro. Kitu kama hicho nenda kashone kwa mkono." Na watu wawili wakacheka.

Godoro! Leso za mtu aliyekufa anaziita godoro.

Nikamwambia anirudishie pesa zangu. Akaninyooshea kidole karatasi iliyobandikwa ukutani, mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake, na karatasi yake ya ukutani haiwezi kuipiku Katiba ya nchi. Akaniambia basi nenda kortini. Hivyo hivyo, huku akimuuliza mteja wa nyuma yangu anataka nini.

Nilirudi nyumbani nimefura. Siku ile ningeulizwa ningesema huu mguu ni takataka, ni vyuma vya mwizi, asiununue mtu. Nilisema hivyo kwa majirani zangu wote Kibokoni, na wawili walikuwa wanataka kununua wakaacha. Hilo nalijutia, na ni sababu nyingine ya kuandika.

Maana cherehani nayo ilikuwa imeharibika. Nilipoweka sindano mpya ilianza kuruka mishono, inashona mitatu inaacha miwili, na uzi unakatika. Nikaipeleka Majengo kwa mzee mmoja ambaye umri wake wote amekaa na zile cherehani nyeusi za kukanyaga. Mzee hakuishika mara moja. Kwanza aliniuliza ilikuwaje, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua bamba la chini, akazungusha gurudumu kwa mkono polepole sana, akaniambia, "Mwanangu, sogea utazame hapa." Akanionyesha ile ndoana inayozunguka kwenye bobini. Sindano ikishuka mpaka chini na kuanza kupanda, uzi unafanya kitanzi kidogo nyuma yake, na ncha ya ndoana inapaswa ipite wakati uleule, juu kidogo ya tundu la sindano, ikidake kile kitanzi. Yangu ilikuwa inachelewa. Kitanzi kimeshapotea ndiyo inafika. Mafundi huiita taimingi, na pigo la sindano kwenye chuma linaweza kuisogeza. Halafu akanishika kidole akakipitisha kwenye tundu la bamba, nikahisi kijino cha chuma kilichochongoka pale sindano ilipogonga. "Hiki ndicho kinachokukatia uzi." Akakisugua kwa msasa laini mpaka pakateleza.

Kisha, na hapa ndipo nilipopinduka, akauchukua ule mguu, akaugeuza geuza kwenye mwanga, akasema hauna kosa lolote. Nilibisha. Akaufunga taratibu: akapandisha sindano mpaka juu, akauingiza kwa nyuma, akaupachika mkono kwenye skrubu ya sindano, akakaza kwa vidole kwanza ndipo kwa bisibisi, kisha akazungusha gurudumu kwa mkono duru nzima kuhakikisha sindano inashuka katikati bila kugusa chuma. Akaweka sindano namba 14. Kile kitambaa changu cha kujaribia ambacho yule bwana alikisukuma kando ndicho mzee alichokishona.

Wallahi sijawahi kuona mstari kama ule. Tabaka tatu zilikwenda kama zimegundishwa. Nikageuza chini, kaliko imelala shwari, hapana hata mkunjo mmoja. Mguu unapiga hatua zake tik tik tik, unainuka, unakanyaga. Nilikaa pale kwenye benchi la mzee nikashona mpaka kitambaa kikaisha.

Kwa hivyo nasema waziwazi: mguu ni mzuri. Niliyosema kwa majirani nayafuta. Mwenye kushona mifarishi na hana mguu huu anajitesa bure. Ila chukua mguu wa zamani wa cherehani yako ulinganishe kimo cha pale unapofungwa, kwani kuna cherehani zenye nondo fupi, kile chuma cha kufungia mguu, na zenye nondo ndefu na miguu yake haibadilishani. Na mtu yeyote akikufungia, zungusha gurudumu kwa mkono wako kabla ya kukanyaga pedeli. Nusu dakika tu.

Na duka? Nimejiuliza sana. Haki lazima nimpe mwenye haki. Pale dukani mna msichana muuzaji ambaye nilipokuwa natoka alinifuata mpaka nje, akanisaidia kuipandisha cherehani kwenye tuktuk, akanambia kwa sauti ya chini, "Pole mama. Ule mkono ulikuwa ukae juu, niliuona hata mie." Alijua. Anaijua kazi kuliko mwajiri wake, na ndani haruhusiwi kufungua mdomo. Uzi wao pia ni mzuri, hauchuji, na rangi wanazo ambazo maduka mengine hawana. Kuna siku nilikuwa nataka kuwaambia nendeni, mumtafute yule msichana, mnunue, mwenyewe msimkaribie.

Halafu namkumbuka alivyoingiza mkono mfukoni mwangu bila kuuliza. Nakumbuka mzee wa Majengo nimemlipa shilingi 1,200 kutoka kwenye pesa za nyumba kwa kosa la mtu mwingine. Nakumbuka "godoro". Kuharibu, kila mtu huharibu, hata mie nimeshavunja sindano nyingi. Lakini mtu ameharibu kitu cha marehemu mbele yako na kinywa chake kinashindwa na neno la herufi nne! Hapana. Msiende. Mguu kama ule upo kwingine, ulizieni, na mkikosa agizeni.

Lile doa la mafuta nimeliosha kwa sabuni ya kipande mara tatu, limefifia, halijatoka. Tundu nimeliziba kwa mkono. Nilikata kiraka kutoka pindo la leso ileile, chekundu, kidogo kama stempu, nikakunja kingo zake ndani na kukishona kwa mshono usioonekana. Herufi Z imefichika chini yake. Dadangu alisema niichore upya kwa uzi mweusi, nimekataa, iwe hivyo hivyo.

Imebaki mistari minne ya pembeni. Uzi wake jana nimeununua duka la mkabala na lile, shilingi ishirini zaidi kwa kila kigurudumu, na nimelipa vigurudumu vitatu.