Kioski cha matunda Birere, Goma: chukua bakuli, acha glasi

Kioski hiki kidogo cha Birere kinauza vitu viwili: juisi ya marakuja (pasheni) na bakuli la matunda. Matunda yenyewe hayana kasoro. Nanasi la kisiwa cha Idjwi limeivia shambani, papai ni laini, marakuja yana maganda yaliyokunjamana, na hayo ndiyo matamu. Kinachoharibika kinaharibikia kwenye glasi.

Juisi inasagwa, inachujwa, kisha inatiwa vijiko viwili vya mezani vya sukari. Hiyo ni karibu gramu 25, ambazo peke yake zinafikisha kiwango cha siku nzima ambacho OMS, Shirika la Afya Duniani, inaona kingefaa zaidi kutozidiwa. Na kwenye chujio zinabaki mbegu, zenye sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za marakuja. Hasara kubwa iko hapo.

Nyuzinyuzi hazimeng'enywi na tumbo letu. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha na kutoa butireti, asidi inayolisha seli za ukuta wa utumbo na kusaidia kutuliza uvimbe wa ndani. Bakteria wakizikosa, baadhi yao hugeukia ute unaoulinda ukuta huo. Kwa panya wa maabara hilo limeonekana wazi. Sukari ya glasi, kwa upande wake, inafyonzwa haraka, na fruktosi, aina ya sukari iliyomo, ikija nyingi kwa mkupuo, ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Ya tunda zima hutoka polepole, kadiri unavyotafuna.

Ukitaka glasi hata hivyo, sema mapema, kabla mashine haijawashwa: "Mama, bila sukari, usichuje." Asage sekunde tatu hadi tano tu. Akizidisha, mbegu zinavunjika, juisi inakuwa chungu, na hapo ndipo sukari inapoitwa. Ukali wa marakuja unapozwa vizuri na nanasi lililoiva au nusu ndizi.

Bakuli nalo, kataa ile siro nyekundu, maji mazito ya sukari, inayomwagwa juu. Marakuja moja likikamuliwa na mbegu zake linatosha kulowesha vipande vyote.

Barafu usikubali. Maji ya juisi yanachemshwa hapo hapo, lakini barafu inanunuliwa nje, na Goma kipindupindu hakijatuacha.

Asiyezoea matunda mengi aanze na nusu bakuli kwa siku chache za kwanza, maana gesi itamsumbua mpaka bakteria wazoee. Bei ni ile ile, na sukari au bila.