Joto la ekzosi kwenye pikipiki iliyoundwa upya: kipi ununue, kipi uache

Masika yalipokwisha nilikata vifungo vya bendeji, ule utepe wa kuzuia joto, niliyokuwa nimeizungushia ekzosi ya pikipiki yangu. Ni Honda CG125 ya zamani. Niliivua plastiki zote, nikafupisha fremu ya nyuma, nikaweka siti bapa na sailensa fupi. Kwa nje ule utepe ulikuwa bado unapendeza. Nilipofika mzunguko wa tatu, kutu ikaanza kudondoka sakafuni vipande vyembamba vyembamba, kama magome ya mpera. Mzunguko wa tano, ncha ya bisibisi ikazama ndani ya bomba bila mimi kuisukuma. Bomba lenyewe lilikuwa halijamaliza miaka miwili.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue bendeji ipi, namuuliza kwanza: ekzosi yako ni ya chuma gani, na unaishi wapi? Anayeishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, penye hewa ya chumvi, hapati jibu sawa na wa Arusha au Nairobi.

Tukumbuke pia shida hii inaanzia wapi. Pikipiki inatoka kiwandani na kava ya chuma juu ya ekzosi, na nyingi zina bomba la kuta mbili pale karibu na mguu. Sisi tunaoziunda upya kitu cha kwanza tunachong'oa ni hiyo kava, kwa sababu inaharibu sura. Kisha abiria anashukia upande wa kulia, shavu la mguu linagusa bomba, na kovu analibeba maisha yake yote. Kwa hiyo kinachotafutwa ni kitu cha kuokoa mguu bila kuua chuma. Nimepanga kwa mizani hiyo, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

Namba 1: kava ya chuma iliyoachiwa nafasi

Bati la stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) au alumini, limekunjwa kufuata bomba, likatobolewa matundu, likasimama mbali na bomba kama sentimita moja. Hewa inapita katikati na mvua inakauka. Hakuna kinachoshinda hili, na fundi yeyote mzuri wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa vipimo vyako. Likikatwa vizuri linapendeza kuliko bendeji. Lishikize kwa klipu za stenlesi za kukazwa kwa bisibisi, ili siku ya kusafisha ulitoe lote.

Jambo moja la kukataa: mabati ya kuezekea. Yamepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za selsiasi. Fundi akiyachomelea, moshi wake unamletea homa na baridi usiku ule ule. Mlipe atumie stenlesi.

Namba 2: koti la seramiki

Hili ni tabaka gumu kama la kigae. Hupuliziwa kwenye bomba lililosuguliwa kwa mchanga, kisha huokwa kwenye oveni. Linapunguza joto linalotoka nje na linaziba chuma lisiguswe na maji, kazi mbili kwa mpigo. Ni ghali na wanaolifanya vizuri kwetu si wengi. Kama unajenga pikipiki ya kukaa nayo miaka kumi, na umepata mtu mwenye oveni kweli, lifanye kabla ya kufunga ekzosi kwa mara ya kwanza. Ila halitoshi peke yake kulinda mguu, bomba bado litaunguza.

Namba 3: rangi ya joto kali

Ninaiweka hapa kwa sababu ni ya bei nafuu na inalinda chuma cha kawaida, ingawa haipunguzi joto hata kidogo. Tafuta kopo lililoandikwa nyuzi 600 au 650. La nyuzi 200 ni la breki na injini, kwenye ekzosi litababuka wiki ya kwanza. Wengi wanaolalamika kwamba rangi imetoka walipaka juu ya kutu au mafuta. Piga msasa mpaka chuma king'ae, futa kwa thina, paka tabaka nyembamba mbili tatu. Halafu washa injini kidogo, izime ipoe, washa tena muda mrefu zaidi, izime. Rangi hii haikomai kwa jua, inakomaa kwa moto.

Namba 4: bendeji ya basalti, na kwa bomba la stenlesi tu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndicho kitu kila mtu anataka.

Bendeji ilitoka kwenye magari ya mashindano. Gesi ikibaki moto ndani ya bomba inatoka haraka, na joto halijai kwenye boneti. Pikipiki haina boneti. Injini ya cc 125 au 150 haitakuonyesha nguvu yoyote ya kuhisi mkononi. Faida yako ni mguu na sura, basi.

Gharama yake ni maji. Utepe unafyonza mvua na maji ya kuoshea, unayashikilia kwenye chuma, na kila ukiwasha unayapika. Maji ya pwani yana chumvi. Halafu lile joto ambalo lingetoka nje linabaki kwenye ukuta wa bomba, na chuma cha kawaida kikikaa kwenye joto kubwa kinajichuna chenyewe. Ndiyo yale magome niliyoyaona. Stenlesi inavumilia zaidi, ndiyo maana bendeji ninairuhusu huko tu.

Kujua bomba lako ni la nini, chukua sumaku. Isiposhika kabisa, huenda ni stenlesi. Ikishika, usihukumu bado, kuna stenlesi za ekzosi zinazoshika sumaku. Sugua sehemu iliyofichika, imwagie maji ya chumvi, iangalie kesho yake. Ikiwa na rangi ya chungwa, bendeji si yako.

Ukinunua, chagua ya basalti, inayotengenezwa kwa jiwe la volkano. Wauzaji huiita titani. Inavumilia nyuzi zaidi ya 900, rangi yake ni ya kahawia yenye dhahabu na imo ndani ya uzi wenyewe. Ya nyuzi za kioo iliyopakwa rangi ifanane nayo utaijua ukikata ncha na kuichambua: ndani ni nyeupe. Omba kipande cha sentimita mbili ukakiweke kwenye moto wa jiko la gesi. Kikiyeyuka na kudondoka, kina plastiki.

Usinunue roli la mita 15. Kwa bomba la kipenyo cha milimita 32 na urefu wa nusu mita, utepe wa upana wa milimita 25, kila mzunguko ukilalia wa nyuma kwa milimita 6, unahitaji kama mita tatu. Gawaneni roli wanne. Upana wa 25 unakaa vizuri kwenye kona kuliko wa 50, ambao hujikunja na kuacha mifuko ya maji. Anza kufunga kutoka chini kwenda kwenye injini, ili mikunjo itazame chini kama vigae na maji yateleze juu yake. Vifungo viwe vya stenlesi. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa. Nyuzi hizi zinawasha ngozi siku mbili.

Namba 5: bendeji ya kioo ya bei rahisi

Inavumilia nyuzi 550 hivi, inachanika mapema, na vumbi lake humfikia abiria. Sioni sababu ya kuinunua.

Sailensa usiifunge kabisa

Hata ukiwa na bendeji bora duniani, iishie kabla ya sailensa. Nimeona sailensa nyingi zikifa, na wenye nazo wanalaumu aliyewauzia. Ukizuia joto lisitoke mbele, linasafiri mpaka kwenye sailensa. Zile fupi zenye pamba ya kioo ndani, pamba inaungua na kupulizwa nje kidogo kidogo. Utaisikia sauti ikibadilika kuwa kavu, yenye makali, kabla hujaona kitu. Uliza kabla ya kununua: inafunguka kwa riveti au bolti? Iliyochomelewa pande zote huwezi kuibadilishia pamba.

Adui mwingine anatoka ndani. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takribani lita moja ya maji kama mvuke. Safari ndefu inayatoa yote. Safari za dukani na kurudi zinayaacha yamelala chini ya sailensa, na ndiyo maana nyingi za kiwandani zina kitundu kidogo upande wa chini. Mafundi wetu wanapenda kukiziba wakidhani kinavuja. Mwambie akiache. Kama sailensa mpya haina, mwambie akutobolee kwa biti ya milimita 3.

Na kabla ya kulaumu chuma, angalia breketi. Sailensa ikifungwa kwenye fremu bila mpira, mtikisiko wa silinda moja unaikata pale pale kwenye mshono. Angalia pia plagi: ikiwa nyeupe, injini inakula hewa nyingi, na joto lote hilo linaishia kwenye ekzosi. Ukiweka sailensa wazi na chujio jipya bila kubadili jeti ya karbureta (kile kitundu kinachopima petroli), ndilo utakalolipata.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, kama umeng'ang'ania bendeji, itoe pikipiki nje. Itafuka moshi wenye harufu kali dakika kadhaa, ni kawaida. Ikipoa, kaza tena nati mbili za kwenye silinda, maana gasketi ya shaba huwa imebonyea. Na masika yakikaribia, fungua bendeji uangalie.