Breki za Hilux yangu ya kuvuta tela, na fundi wa Ipogolo aliyeuliza kwanza kabla ya kushika spana

Wadau mnaovuta tela na pikapu, hii nawaandikia nyie hasa, maana mimi miezi minane nimebadilisha breki pedi mara tatu na kumbe tatizo halikuwa kwenye pedi kabisa.

Gari ni Hilux dabo kebini ya 2002, injini 5L, nachukua nayo mbao Mafinga napeleka Morogoro kwa kaka yangu ana karakana ya useremala. Tela ni la ekseli moja, likijaa linafika tani moja na ushee, na halina breki zake lenyewe, linategemea gari. Njia mnaijua, lazima ushuke mlima Kitonga.

Siku hiyo nilikua nashuka na gia namba tatu, nakanyaga breki naachia, nakanyaga naachia, mara nikasikia harufu ya pedi kuungua, afu pedo ikawa laini, unakanyaga inakwenda mpaka chini karibu na kapeti ndo gari inashtuka kidogo, na tela nyuma linasukuma tu. Nikawa napampu haraka haraka, nikavuta handibreki taratibu, nikalazimisha namba mbili injini ikalia sana, Mungu akasaidia nikapata sehemu pembeni imepanuka kidogo gari ikasimama. Mke wangu alikua siti ya pembeni hakupiga kelele wala nini, nilimuona tu midomo inatembea anasali. Tairi za mbele zinafuka moshi. Tumekaa pale karibu saa nzima, nikaja kukanyaga pedo, imerudi ngumu kama hakuna kilichotokea! Hilo ndo lilinitisha zaidi.

Kabla ya hapo nilishapita gereji mbili, sizitaji majina. Ya kwanza kila nikienda ni pedi, ya pili wakasema masta silinda, ile pampu kuu ya breki, imekufa, nikanunua nyingine wakafunga nikalipa, na Kitonga yakanikuta hayo hayo.

Basi jamaa mmoja wa malori akanielekeza kwa huyu fundi Ipogolo, pale Iringa. Gereji yenyewe ni uwanja tu chini ya mikaratusi, haina hata kibao. Fundi ni mzee, ana vijana wawili. Nikamsalimia kamwene, nikaanza kumwambia masta silinda, akanizuia kwa mkono. Akaniuliza navuta nini, kilo ngapi, nashuka na namba ngapi. Afu akaniuliza, "Mwanangu, ukifika chini ya mlima ulishawahi kusogeza mkono kwenye dramu za nyuma?" Nikamwambia hapana mzee. "Na hizi springi nani amekuongezea majani?"

Aisee, ni kweli. Mwaka jana niliongeza majani mawili kila upande ili gari isikae chini nikifunga tela. Na nani asiyeongeza huku kwetu!

Akaingia chini akaniita na mimi niingie. Akanionyesha juu ya ekseli ya nyuma kuna kifimbo cha chuma kinapanda mpaka kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesesi. Kazi ya ile valvu ni kupima mzigo, bodi ikishuka kwa uzito kile kifimbo kinaisukuma valvu nayo inafungulia presha zaidi breki za nyuma, gari ikiwa tupu inazipunguzia ili tairi za nyuma zisijifunge ukapiga msele. Sasa mimi nimeinua springi na nimezifanya ngumu, bodi haishuki hata nikipakia, kwahiyo valvu muda wote inajua gari ni tupu. Breki za nyuma zinapewa presha kidogo sana, pedi za mbele ndo zinasimamisha gari na mbao zote. Lazima ziungue, hata ungeweka orijino za bei gani. Mzee alipitisha kidole kwenye kifimbo kikatoka na vumbi jekundu la kutu, akasema hapa hakuna spana imegusa toka gari iingie nchini.

Akafungua dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki za nyuma. Wili silinda ya kushoto, kile kipampu kidogo kinachosukuma breki shuu zibane dramu kwa ndani, inavuja, breki shuu ya upande huo imelowa mafuta inang'aa nyeusi. Yaani hata ile presha kidogo inayofika nyuma nayo inaishia hapo.

Na pedo kwenda chini afu kurudi yenyewe? Hiyo akasema ni mafuta ya breki yamezeeka. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani kidogo kidogo miaka inavyoenda. Yana madaraja, DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205 bila kuchemka, ikishaingia maji inashuka mpaka kwenye 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishalowa. Pedi za mbele zikipata moto ule, mafuta kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi, yanachemka, inatokea mvuke, na mvuke ukiubana unabanika, ndo maana mguu unazama. Gari ikipoa mvuke unarudi kuwa maji, pedo inakua ngumu, na wewe unarudi kwa fundi anakwambia mbona iko poa tu. Yangu yalipotolewa yalikua rangi ya chai ya rangi.

Kazi aliyofanya: wili silinda zote mbili mpya, breki shuu mpya, dramu akapeleka zikachongwa ila kwanza akapima kwa kifaa cha kupimia upana akalinganisha na namba iliyoandikwa kwenye dramu yenyewe kwamba zisipitilize hapo. Kile kifimbo akakitengenezea kibati pale kwenye ekseli kukiinua sawa na springi zilivyoinuka. Mafuta yote akatoa akaweka DOT 4, akatoa upepo kwenye breki kuanzia tairi iliyo mbali na masta silinda mpaka ya karibu, mwisho kabisa akatoa kwenye ile valvu, maana nayo ina nati yake ya upepo na wengi hawaigusi. Pedi za mbele zilishaungua zikawa ngumu kama kioo, nikanunua nyingine.

Hela: pedi 65,000, breki shuu 55,000, wili silinda mbili 50,000, mafuta 24,000, kuchonga dramu 30,000, ufundi 70,000. Jumla 294,000. Zile gereji mbili walishanila zaidi ya hapo.

Malalamiko ninayo. Aliniambia siku moja zikawa mbili na nusu, akiwa kazini simu hapokei kabisa, na sehemu ya kukaa mteja hamna, mvua ikinyesha mnabanana kwenye kibanda cha mama anayeuza chai. Ila spea zote za zamani alinikabidhi kwenye mfuko nikaziangalia mwenyewe, na kwenye majaribio aliniambia nifunge tela na mzigo ndo tukatoka, hakutaka kujaribu gari tupu.

Na aliniambia wazi kwamba kazi haijaisha. Kitabu cha hii gari kinaruhusu tela lisilo na breki mwisho kilo 750, mimi navuta tani. Kwahiyo anatafuta ekseli yenye breki za kujisukuma, gari ikipunguza mwendo tela linasukuma kwenye ndoano, na ule msukumo ndo unakamata breki za tela lenyewe. Mpaka hapo nipakie nusu, na Kitonga nishuke na namba mbili toka juu, sio nikumbuke katikati.

Jumamosi nimeshuka hivyo hivyo na nusu mzigo. Pedo juu, harufu hamna. Tulisimama Ruaha Mbuyuni mke wangu anachagua vitunguu, mimi nikazunguka gari nasogeza mkono kila tairi bila kugusa. Mbele moto wa kawaida. Nyuma, kwa mara ya kwanza toka nianze kuvuta tela, na zenyewe zina moto. Nikamwita aje naye asogeze mkono.

Tela liko kwa mzee toka jumatatu.