Sherehe ya Tingatinga kwa mtoto wa miaka minne: fundi, keki na wengine niliowalipa

Nianze na fundi wa picha za Tingatinga, maana ndiye aliyeibeba sherehe nzima ya mwanangu Neema ya kutimiza miaka minne, na ndiye ninayeulizwa habari zake tangu picha zilipoingia kwenye magrupu ya familia.

Wengi tumezoea kuziona picha za Tingatinga kama bidhaa za watalii, za kuning'inizwa sebuleni kwa watu wa mbali. Kwa sherehe ya watoto wadogo, mimi sijaona kitu kinachozizidi. Tembo wa Tingatinga ni tembo, twiga ni twiga, na mtoto wa miaka mitatu anamtambua akiwa bado yuko getini. Macho makubwa, rangi kali, madoa kila mahali, na nyuma ya mnyama mara nyingi hakuna vurugu ya kumchanganya mtoto. Edward Saidi Tingatinga aliianza kazi hii hapahapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za mafuta za makopo juu ya hadibodi, vitu vya duka la vifaa vya ujenzi. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na leo ukifika maeneo yaleyale utawakuta mafundi wamekaa na makopo yao pembeni, kazi inaendelea.

Nilikwenda siku ya kazi, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nikapita banda kwa banda nikitazama macho ya wanyama tu. Kuna mafundi ambao simba wao ana meno na hasira, amependeza kweli, lakini si wa kumweka mbele ya watoto wa chekechea. Nikamkuta mzee mmoja ambaye simba wake ana uso wa mtu aliyeshiba. Nikajua nimefika.

Nilichomwomba ni ubao mmoja mkubwa, futi nne kwa sita, wenye wanyama watatu na matundu mahali pa nyuso zao, ili mtoto apenyeze uso wake awe twiga au pundamilia. Kabla ya kutaja bei akauliza: "Mama Neema, hao watoto wana urefu gani?" Nikamwonyesha kwa mkono usawa wa kiuno changu. Hakuridhika. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa anacheza hapo nje, akamsimamisha kwenye ubao mtupu, akaweka alama ya chaki usawa wa kidevu na nyingine usawa wa kipaji cha uso. Kisha akaweka alama nyingine chini zaidi kwa wale wafupi, akasema huyo atakuwa kobe. Mbao za aina hii nimeziona kwenye sherehe nyingine, na matundu yake huwa usawa wa watu wazima. Watoto wanabebwa juu juu, wanalia, picha inapigwa, basi. Hapa kila mtoto alikwenda mwenyewe kwa miguu yake na akarudi mara nyingi alivyotaka.

Kingo za matundu alizipiga msasa mpaka zikawa laini, kisha akazizungushia kitambaa. Sikumwambia. Tulikubaliana shilingi 150,000 pamoja na miguu ya mbao ya kuusimamisha. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba rangi ile ya mafuta hukauka haraka juu juu, lakini harufu hubaki. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishauri niuchukue mapema, nikauweka barazani wiki nzima ukipigwa na upepo, na siku ya sherehe haukuwa na harufu hata kidogo. Mwenye haraka ya siku mbili tatu asiende kwake.

Sasa wapambaji. Niliongea na kadhaa kabla ya kufikia uamuzi huu, na sitamtaja yeyote. Shida yao ilikuwa moja. Nikisema "wanyama", natumiwa picha za tao la maputo ya kahawia na kijani, pazia la nyuma lenye katuni za ng'ambo, na tarakimu kubwa ya taa. Mmoja alinipa bei ya 650,000, na nilipouliza watoto watachezea nini kati ya hivyo vyote, akajibu kwamba pambo haliguswi, likiguswa linaharibika. Alikuwa mkweli, na kazi yake ni safi kwa harusi au kitchen party. Lakini mtoto wa miaka minne anajua kitu kwa kukishika. Ukimwekea ukuta mzuri asioruhusiwa kuusogelea, hiyo sherehe umemfanyia mpiga picha.

Na kuhusu maputo niseme wazi. Pakiti nyingi zimeandikwa onyo, kwa maandishi madogo, kwamba watoto chini ya miaka minane wanaweza kukabwa na puto lisilopulizwa au lililopasuka. Kipande cha puto ni laini, kikiingia kooni kinajibana na kuziba njia ya hewa, na kukitoa ni kazi. Kwangu kulikuwa na watoto wa kutambaa. Kwa hiyo tuliweka maputo machache, juu kabisa kwenye kenchi za baraza, na mdogo wangu alipewa kazi ya kuokota kila kipande kitakachopasuka. Hakuna mtoto aliyeulizia zaidi.

Vitu vidogo nilivifuata Kariakoo, maduka ya Mtaa wa Kongo na mitaa inayopakana nao. Ushauri wangu ni kwenda mapema asubuhi katikati ya wiki, na kuulizia bei ya jumla hata kama unachukua dazeni mbili tu, kwa sababu wengi watakupa. Sahani na vikombe vya karatasi vyenye michoro ni vya katuni zilezile, na bei yake inapanda kwa sababu ya mchoro. Nikachukua vya rangi tupu, njano na nyekundu, rangi za ubao wetu. Vitambaa vya meza nilinunua doti za kitenge, ambazo sasa zimekuwa foronya. Mifuko ya zawadi nilichukua ya kaki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, hii ya karatasi imejaa kila duka, na uzuri wake ni kwamba mtoto anaweza kuichora.

Keki ilipikwa na dada mmoja wa Kinyerezi anayeokea nyumbani kwake. Huyu naye nampa sifa zote. Nilimpelekea picha ya ubao, nikitegemea atanifanyia sanamu za wanyama kwa ile sukari ya kukandwa kama unga. Akakataa. Akanieleza kwamba kwa joto letu la Dar na unyevu wake, ile sukari ikitoka kwenye friji hutoa jasho, rangi nyeusi ya pundamilia itachuruzika kwenye nyeupe, na isitoshe watoto huibandua wakaitupa. Alichofanya ni kuipaka keki krimu ya siagi, akamchora twiga mmoja tu juu yake, kisha akajaza madoa pembeni yote kwa mfuko wa krimu wenye tundu dogo. Nilifika kwake akiwa anayamalizia. Mkono wa kushoto umeushika wa kulia kwenye kifundo, pumzi ameibana, anabonyeza, anainua, anabonyeza, na kila doa linasimama na kincha kidogo juu. Doa moja lilikwenda upande, akalikwangua kwa kijiti cha meno na kulirudia.

Kilo mbili, ladha ya vanila yenye maganda ya limau, shilingi 90,000. Aliileta mwenyewe kwa bajaji akiwa ameipakata. Ilikuwa keki laini, haikuzidi sukari, na watu wazima waliomba kuongezwa. Upungufu wake ni kwamba hana nafasi mwisho wa mwezi, na hapokei oda ya siku mbili. Hilo kwangu ni dalili njema.

Ile ngome ya kurukia ya kupuliza upepo ndiyo pekee iliyoniudhi. Niliikodi kwa jamaa mmoja kwa 120,000. Ilichelewa kufika, na ilipofika haikuwa na vigingi vya kuikaza chini. Akaniambia haina neno, uzito wa watoto unatosha. Hautoshi. Upepo wa alasiri ukivuma ndani ya kitu kama kile unakiinua, na watoto wakitoka wote kwa pamoja kunakuwa hakuna uzito wowote. Nilikataa kuwashwa kwa mashine mpaka tulipojaza viroba vya mchanga na kuvifunga kila pembe. Ukikodi popote, ulizia vigingi au viroba kabla ya kutoa pesa ya awali, ulizia pia umeme ukikatika wana jenereta, maana feni ikizima ile ngome inalala juu ya watoto. Na weka mtu mzima mlangoni ambaye kazi yake ni hiyo tu: wadogo zamu yao, wakubwa zamu yao. Kwangu alisimama baba Neema na filimbi.

Tulianza saa tisa alasiri, na kadi iliandikwa mwisho ni saa kumi na moja na nusu. Baadhi ya ndugu walinung'unika kwamba ni muda mfupi. Kwa umri huu unatosha kabisa. Mtoto aliyekosa usingizi wa mchana, akala soda na pipi, ikifika magharibi hana furaha tena, anatafuta wa kumlilia. Keki tuliikata saa kumi kamili, wakiwa bado wana nguvu, waliochelewa wakakuta kipande chao. Neema akawalisha bibi na babu yake, kisha baba yake, kisha akagoma kulisha mtu mwingine, na hatukumlazimisha. Kumwagiana maji tuliwaachia mashangazi kule uani.

Fundi alikuja na yeye, kwa 60,000 nyingine, na hii ndiyo pesa niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote. Alikuwa amekata maboksi na kuchora juu yake mistari ya wanyama kwa kalamu nene. Watoto wakavalishwa fulana kuukuu za baba zao, wakakaa mkekani, wakapewa rangi za maji za shuleni, si zile za mafuta. Rangi za mafuta hazitoki mwilini bila mafuta ya taa na hazifai kabisa kwa mtoto. Nilidhani dakika kumi zitawashinda. Walikaa kimya mpaka mama mmoja akaja kuchungulia kama kuna tatizo. Mzee alikuwa anapita nyuma yao akisema, "Sasa mtie madoa, baba. Tia hapa. Tia na hapa. Bado ana baridi, mvalishe." Mvulana wa jirani, ambaye mama yake alikuwa amenitahadharisha kwamba hatulii, alimtia kifaru wake madoa mpaka boksi likalowa na kulegea, akaomba boksi jingine.

Baada ya hapo tulisaka wanyama. Vibao vidogo vya kiganja, alivyovichora fundi, nilivinunua vya jumla nikavificha uani: nyuma ya madumu ya maji, kwenye matawi ya mpera, chini ya ngazi. Kila mtoto mmoja, ukimpata wako unakaa chini na kuwasaidia wengine kwa kuwaonyesha kwa kidole. Ndiyo ilikuwa zawadi ya kuondokea, ikaingia kwenye mfuko wa kaki pamoja na kashata na pakiti ya ubuyu. Hatukununua midoli ya plastiki inayovunjika kabla ya kufika kwao.

Chakula tulipika wenyewe: pilau kwa wakubwa, na kwa watoto sambusa ndogo, mishikaki iliyotolewa kwenye vijiti, bisi, vipande vya tikiti na juisi ya embe. Viti na turubai vya kukodi mtaani vilikuja kwa wakati, havina la kusimulia.

Wanaouliza namna ya kumpata fundi, mimi sigawi namba yake hadharani. Nendeni Morogoro Stores wenyewe, mtazame kazi zilizotundikwa na mchague macho yanayowafaa watoto wenu. Bei ni ya maelewano, lakini msimkandamize mtu ambaye atakaa siku kadhaa akitia doa mojamoja. Pelekeni oda angalau wiki tatu kabla, na kwa sherehe za Julai na Agosti, wageni wanapokuwa wengi mjini, ongezeni wiki nyingine. Picha ya mfano si lazima. Mpelekeeni urefu wa mtoto mfupi kuliko wote mtakaowaalika.