Seva ya Baruapepe ya Ofisi: Mailcow, iRedMail au Mail-in-a-Box?

Karibuni tena, wadau. Leo mezani nina programu huria tatu za kuendeshea seva ya baruapepe: Mailcow, iRedMail na Mail-in-a-Box. Zote nimezisimika kwenye seva za kukodi, nikakaa nazo. Sitaki kujua ipi ina sura nzuri. Swali langu ni moja: fundi aliyeisimika akiacha kazi kesho, nani ataishika?

Swali hilo nimelipata kwenye ofisi moja ya hapa Dar. Wafanyakazi 35, barua zimekwama tangu asubuhi, nimeitwa. Nafungua, nakuta Zimbra 8.8.15, programu nyingine ya seva ya baruapepe. Kijana aliyeiweka kashahama mji, na nywila ya root, yaani akaunti kuu ya seva, kaondoka nayo kichwani. Toleo hilo lilikoma kuhudumiwa mwisho wa 2023. Tena kuanzia toleo la 9, wenye Zimbra hawakupi toleo huria lililo tayari kusimikwa. Wanakupa msimbo chanzo, ujijengee. Na matundu ya Zimbra wadukuzi wameyachezea, 2022 na tena 2024. Kama bado unayo ile ya zamani, hama. Basi, hiyo tumemalizana nayo.

Sasa hizi tatu. Ukifunua boneti unakuta injini ni zilezile: Postfix inapokea na kutuma, Dovecot inatunza masanduku. Postfix ipo barabarani tangu 1998, kazi ya Wietse Venema, na haina ubishi. Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba hii inafikisha barua kuliko ile, mpuuze. Unachochagua hapa ni bodi.

Mail-in-a-Box ndiyo nyepesi kuliko zote, RAM ya GB 1 inatosha. Lakini ina wivu. Inataka mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04 tu, inataka mashine nzima iwe yake, hata DNS, ile daftari ya majina ya mtandaoni, inataka kuisimamia yenyewe. Ukitia mkono kwenye faili zake za mipangilio, siku ya kusasisha inakufutia. Mimi hilo nimelipenda, maana fundi hapati nafasi ya kuacha ujanja wake humo ndani. Ofisi ya watu watano, chukua hii ulale.

iRedMail ni ya fundi wa zamani. Inakaa kwenye mifumo endeshi mingi, Debian, Ubuntu, Rocky, hata FreeBSD, na kila kitu kinawekwa mahali pake pa kawaida. Anayeijua Postfix yuko nyumbani. Tabu ni kusasisha: bila kulipia, unafuata maelekezo ya kila toleo, hatua kwa hatua. Umelala matoleo matano? Unayapita yote matano. Halafu dashibodi ya bure haikuruhusu kutengeneza anwani ya mkato, ile ya info inayogawa barua kwa watu wawili. Ulipie toleo la Pro, au uingie kwenye hifadhidata kwa mkono. Mwambie mhasibu aandike SQL uone atakavyokutazama.

Mailcow sasa. Hii imetoka Ujerumani, imefungwa kwenye konteina za Docker, yaani kila kipande kina boksi lake, na inakula. Wenyewe wanataka RAM ya GB 6 kwenda juu. ClamAV, ile ya kukagua virusi, peke yake inameza sehemu nzuri, ingawa unaweza kuizima. Lakini kusasisha ni skripti moja. Bakapu, skripti moja. Kalenda inaingia kwenye simu kupitia SOGo, programu ya barua na kalenda iliyomo ndani yake. Na kuna ukurasa unaokuonyesha rekodi zipi za DNS umekosea, kitu ambacho kimeniokoa zaidi ya mara moja. Angalizo: Docker inafungua poti zake, yaani milango ya mtandao, bila kuiuliza ufw, ngome ya seva. Usidhani umefunga mlango kwa sababu tu ufw inasema umefungwa.

Hapo ndipo watu wanamaliza, wanatuma barua ya majaribio, inaangukia kwenye spamu. Mimi yalinikuta. SPF safi, DKIM safi, zile rekodi za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, Gmail bado inanitupa. Kumbe anwani ya IP niliyopewa, mpangaji wa kabla yangu aliichafua, iko kwenye orodha nyeusi. Nikaomba nyingine. Na rekodi ya PTR, ile ya kutoka IP kurudi kwenye jina, huombi kwa aliyekuuzia domeini. Unaomba kwa mwenye seva. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, na PTR ni mojawapo ya mambo wanayotazama. Uliza pia kabla hujalipa kama poti 25, ile seva za barua zinayotumia kupelekeana barua, iko wazi kwa kutuma. Kampuni nyingi za seva zinaifunga. Ikiwa imefungwa, tuma kupitia huduma ya kupitishia barua, na hizi zote zinakubali. Kuiweka seva nyuma ya intaneti ya kawaida ya ofisini, hapana kabisa.

Ile ofisi ya watu 35 nimewawekea Mailcow, RAM GB 8. Kabla sijawakabidhi nilichukua bakapu, nikairudisha kwenye mashine nyingine tupu, dada wa mapokezi akafungua barua zake humo. Maelekezo ya kusasisha ni karatasi moja, Kiswahili kitupu. Na nywila ya root iko kwenye bahasha, ndani ya sefu ya mhasibu.